Jina moja kwa mtoto mmoja: Amana iliyo mikononi mwa wazazi wa Kyela

Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemfundisha Adam (A.S.) majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumekusudia kulitazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni jina la mtoto. Tunaelekeza macho yetu Ngonga na vijiji vingine vya wilaya ya Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako Waislamu ni wachache na wanaishi ua kwa ua na ndugu zao wa damu walio Wakristo. Katika nyumba za namna hiyo si ajabu kumkuta mtoto mmoja mwenye majina mawili yasiyojuana. Madrasa anaitwa Abdallah. Kwa bibi yake, mama wa baba, anaitwa Lusajo. Kadi ya kliniki imeandikwa hivi, rejista ya shule imeandikwa vile, na mtoto mwenyewe huitika kote kote.

Nyuma ya majina hayo mawili limejificha swali ambalo wazazi huliuliza kwa kunong'ona: Je, jina la Kinyakyusa ni jina la ukafiri? Na aliyesilimu ukubwani, ni lazima alitupe jina alilopewa na wazazi wake? Swali hili linagusa itikadi, linagusa udugu wa ukoo, na katika zama zetu linagusa pia haki za mtoto mbele ya Serikali na mahakama. Kwa sababu hiyo tumeona halifai kujibiwa kwa neno moja la kukurupuka.

MAJINA MAWILI KATIKA ZAMA ZA VITAMBULISHO

Zamani tofauti ya majina haikumdhuru mtu sana. Mzee wa kijiji alimjua kila mmoja kwa sura, kwa baba na kwa shamba lake la mpunga. Leo anayemtambua mtu ni karatasi na namba. Mwaka 2013 mkoa wa Mbeya, ambao Kyela ni sehemu yake, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kabisa kuingizwa katika mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wa kuwasajili watoto wa umri chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa karibu na makazi yao, katika vituo vya afya na ofisi za kata. Hilo ni jambo jema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe, katika kifungu chake cha 6, imempa mtoto haki ya kuwa na jina, kuwa na uraia na kuwajua wazazi wake.

Kisha yakaja ya simu. Kuanzia Mei 1, 2019 laini za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tangu hapo hata mkulima wa kakao asiyewahi kuingia benki anajua kwamba bila jina linalolingana katika karatasi zake, mambo yake yanaweza kukwama. Aliyeitwa Abdallah katika cheti cha kuzaliwa, Lusajo katika cheti cha darasa la saba na Abdul katika kadi ya mpiga kura, kila anapotaka pasipoti ya kwenda Hija, mkopo, ajira au mafao ya marehemu baba yake, hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Wala tusidhani kwamba lawama ni ya makarani peke yao. Mara nyingi chanzo ni sisi wazazi, tuliompa mtoto jina moja kwa ajili ya dini na jingine kwa ajili ya dunia, kana kwamba dini na dunia ya Muislamu ni watu wawili tofauti.

JINA LA KINYAKYUSA LINASEMA NINI?

Kabla ya kulihukumu jina, uadilifu unatutaka tulielewe. Katika majina ya Kinyakyusa yaliyoenea mno yamo haya: Lusajo, yaani baraka; Lugano, upendo; Lusekelo, furaha; Ipyana, neema; Gwamaka, mwenye nguvu; na Nsajigwa, aliyebarikiwa. Yako pia majina ambayo ni sentensi kamili. Atupele maana yake ni ametupa, Atuganile ni ametupenda, na Tuntufye ni tumsifu. Mwenye kutoa, mwenye kupenda na mwenye kusifiwa hatajwi, kwa kuwa anajulikana: ni Mungu.

Mwenye kuijua lugha ya Kiarabu ataona mara moja kwamba maana hizi si ngeni kwetu. Nsajigwa na Mubarak ni maana moja iliyosemwa kwa ndimi mbili. Atupele ni jirani wa karibu wa Atallah na Hibatullah, yaani tunu itokayo kwa Allah. Hata huko kuwa sentensi si jambo geni, kwa sababu katika Kiarabu Yazid ni kitendo chenye maana ya anazidi, na Yahya husomeka kuwa anaishi. Naye Ummu Ayman, mwanamke wa asili ya Uhabeshi aliyemlea Mtume wetu (S.A.W.) tangu utoto na akaendelea kuheshimiwa naye kama mama, jina lake hasa lilikuwa Baraka. Kwa Kinyakyusa angeitwa Lusajo.

Tunajua sababu ya wasiwasi wa baadhi ya walimu wetu wa madrasa. Wamisionari wa Kijerumani wa Moravian na wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na majina ya sifa na shukrani yamekuwa na makao makubwa makanisani tangu wakati huo. Mwalimu anaposikia Tuntufye, anasikia kwaya. Lakini neno la kumshukuru Mungu halimilikiwi na kundi. Yusufu, Daudi, Musa na Ibrahimu ni majina yanayosikika msikitini na kanisani katika kijiji kile kile, na hakuna Muislamu aliyeyaacha kwa kuwa jirani yake naye anayatumia.

MIZANI YA UISLAMU KATIKA MAJINA

Tukirudi kwenye mwenendo wa Mtume (S.A.W.), tunaona kwamba mizani yake ilikuwa ni maana ya jina, haikuwa lugha yake. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba majina yanayopendeza zaidi mbele ya Allah ni Abdullah na Abdurrahman, nayo ni kwa sababu yanamtangaza mja kuwa ni mja wa Mola wake. Mwenye kumwita mwanawe hivyo amepata fadhila kubwa, na sisi hatupunguzi hata chembe ya fadhila hiyo.

Pamoja na hayo, waliosilimu mikononi mwake hawakuambiwa wajivue majina yao. Khadija, Umar na Khalid (R.A.) walikuwa na majina hayo kabla ya Uislamu na wakafa nayo. Fairuz wa Daylam alibaki na jina lake la Kiajemi. Mfalme wa Uhabeshi aliyewahifadhi Waislamu wa mwanzo aliitwa As'hama, jina lisilo la Kiarabu, na alipofariki Mtume (S.A.W.) alimtaja kwa jina hilo hilo, akamsifu kuwa ni mtu mwema na akamsalia akiwa mbali. Wanazuoni wa sarufi nao wametufahamisha kwamba Ibrahim, Ismail, Is'haq na Ya'qub ni majina yaliyoingia katika Kiarabu kutoka nje yake. Iwapo Kiarabu kingekuwa sharti, majina ya Mitume hao yangekuwa ya kwanza kukosa sharti.

Na Qur'an tukufu, katika Suratu Maryam aya ya 7, inatueleza kwamba Zakariya (A.S.) alibashiriwa mtoto aitwaye Yahya, jina ambalo hakupewa yeyote kabla yake. Kwa hiyo jina jipya masikioni mwa watu si jina baya kwa upya wake.

Mtume (S.A.W.) aliyabadili majina yenye maana mbaya. Binti mmoja aliyeitwa Aasiya, kwa herufi za ain na sadi, yaani muasi, alimpa jina la Jamila. Wazazi wenye mabinti wanaoitwa Asiya wasiingiwe na hofu, kwani jina la mke wa Firauni huandikwa kwa herufi nyingine na lina maana nyingine. Alibadili pia majina yenye kujitakasa: mwanamke aliyeitwa Barra, yaani mwema mno, alimwita Zaynab. Na alimtaka babu wa Said bin Musayyab, aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, awe Sahl, yaani wepesi. Yule mzee alikataa kuliacha jina la babake, na Said anasimulia katika Sahihul Bukhari kwamba ugumu wa tabia haukuondoka katika ukoo wao baada ya hapo.

Msomaji mwenye elimu anaweza kutuhoji hapa kwamba zimepokewa katika Sahih Muslim riwaya zinazozuia majina kama Yasar, Rabah na Nafi, kwa hoja kwamba mtu akiulizwa kama fulani yupo na akajibiwa hayupo, husikika kana kwamba kheri yenyewe haipo. Katika riwaya ya Jabir (R.A.), ambamo Baraka limetajwa, Mtume (S.A.W.) alitaka kuyakataza majina hayo kisha akanyamaza hadi akafariki bila kuyakataza. Wanazuoni wamelichukulia katazo hilo kuwa la makuruhu, si la haramu. Hivyo mwenye kupendelea jina jingine badala ya Baraka au Lusajo ana hoja yake, lakini hana haki ya kuliita jina hilo ukafiri. Na hoja hiyo, kama ni hoja, inaligusa la Kiarabu sawasawa na la Kinyakyusa.

Kilicho haramu kinajulikana: jina la kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Allah, jina ambalo ni la Allah peke yake, na jina lenye itikadi inayopingana na Tawhid. Jina la Kinyakyusa, la Kiarabu au la Kizungu likiangukia humo, linaachwa.

WATURUKI NA WAKAZAKHI: WAISLAMU WENYE MAJINA YA KWAO

Kuna faida kuwatazama ndugu zetu wa mbali ambao mtihani huu waliupitia muda mrefu kabla yetu. Waturuki na Wakazakhi ni watu wa lugha zenye asili moja, na kwa karne nyingi Uislamu umekuwa dini yao. Majina yao yanasimulia safari hiyo. Waturuki walilipokea jina la Muhammad na kulitamka Mehmet, kiasi kwamba askari wa kawaida wa nchi yao huitwa kwa upendo Mehmetçik, yaani Mehmet mdogo. Lakini pembeni ya Mehmet wakabakiza majina ya lugha yao, na mengi kati ya hayo ni vitenzi kama yalivyo ya Kinyakyusa. Yaşar ni anaishi, maana ile ile inayosomeka katika Yahya. Dursun ni akae, abaki. Nalo hupewa mtoto ambaye wazazi wanaogopa asije akawatoka kama waliomtangulia. Wakazakhi nao wanalo Tursyn kwa maana hiyo hiyo, na Amangeldi, yaani amefika salama.

Wakazakhi pia huunganisha lugha mbili ndani ya jina moja. Rais wa Kazakhstan aliyeingia madarakani mwaka 2019, Kassym-Jomart Tokayev, ana jina ambalo upande mmoja ni Qasim wa Waarabu na upande wa pili ni neno la Kikazakhi lenye maana ya mkarimu. Hakuna aliyemtaka achague nusu moja na kuitupa nyingine.

Hata hivyo majina yao yana upande wa kusikitisha, nao una funzo kwetu. Wako wasichana wa Kituruki walioitwa Yeter, yaani yatosha, na wasichana wa Kikazakhi walioitwa Ulbolsyn, yaani na awe wa kiume. Binti anakua akibeba katika jina lake manung'uniko ya wazazi waliotaka mtoto wa kiume! Hii ni ile tabia ambayo Qur'an imeikemea katika Suratun Nahl, aya za 58 na 59, ya mtu kusawijika uso anapobashiriwa mtoto wa kike. Nasi tusiwanyooshee kidole wenzetu na huku Tanzania nzima tunao akina Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko na Mashaka. Mtoto hakuomba kuwa kumbukumbu ya siku mbaya ya babake. Suratul Hujurat, katika aya ya 11, imetukataza kuitana kwa lakabu mbaya. Basi vipi mzazi aianze lakabu hiyo siku ya akika?

Funzo jingine linahusu kalamu ya Serikali. Mwaka 1934 Uturuki ilipitisha sheria iliyomlazimisha kila raia kuwa na jina la ukoo, na ndipo Mustafa Kemal alipopewa na bunge lake jina la Atatürk. Familia zilichagua au zikachaguliwa majina mapya kwa muda mfupi, na ndugu wa baba mmoja waliokuwa wakiishi mbalimbali waliweza kujikuta na majina tofauti. Kwa Wakazakhi, utawala wa Warusi na baadaye wa Kisovieti ulibandika mwishoni mwa majina ya mababu viambishi vya Kirusi. Ndiyo maana mjukuu wa mzee Nazarbay aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kazakhstan aliitwa Nursultan Nazarbayev. Baada ya uhuru wa mwaka 1991 Wakazakhi wengi walirejea kwenye desturi ya kuandika mwana wa fulani na binti wa fulani kwa lugha yao. Wasichokiacha katika mabadiliko yote hayo ni mafundisho ya wazee wao kwamba mtu azijue nasaba zake hadi babu wa saba, ili asije akaoa ndani ya damu yake.

NASABA NI HAKI, SI PAMBO

Hapa ndipo jina la ukoo la Kinyakyusa linapopata uzito wake. Mwaipopo, Mwakalinga, Mwakipesile, Mwaikambo: hicho kiambishi cha mwanzo, Mwa, kinamtaja mtu kuwa ni mzao wa mzee fulani. Ukivuka mto Songwe na kuingia Karonga upande wa Malawi, utawakuta Wangonde wakiitwa Mwafulirwa, Mwaungulu na Mwakasungula. Mpaka umewatenga kwa pasipoti, lakini majina yanawatambulisha kuwa watu wa asili moja. Suratul Hujurat, aya ya 13, imetufundisha kwamba tumejaaliwa kuwa mataifa na makabila ili tujuane. Jina la ukoo ni moja ya njia za kujuana huko. Nani basi aliyempa Muislamu mpya ruhusa ya kulifuta?

Uislamu umeilinda nasaba kwa ukali kuliko tunavyodhani. Zaid bin Haritha (R.A.) alilelewa na Mtume (S.A.W.) mpaka watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab iliposhuka na kuamrisha watu waitwe kwa baba zao, akarudishiwa jina la Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua, wala malezi hayakubatilika. Kilichorekebishwa ni jina peke yake. Na aya hiyo hiyo imefungua mlango wa heshima kwa yule asiyejulikana baba yake: yeye ni ndugu yetu katika dini, wala haruhusiwi yeyote kumdhalilisha.

Tazama sasa linalotendeka kwetu. Yatima anachukuliwa na mjomba wake. Mjomba, kwa huruma, anamwandikisha shule kwa jina lake yeye ili kupunguza maswali. Miaka kumi na mitano baadaye binti anaposwa. Karatasi zote zinamtaja mjomba kuwa baba, na mjomba anakaa mkekani kuozesha. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, mjomba kwa mama si walii wa ndoa. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume na ami kwa mpangilio wao. Tendo la huruma limezaa utata katika nikahi!

Katika mirathi ni hivyo hivyo. Mtoto wa kulea hamrithi mlezi wake kwa sheria ya Kiislamu, ingawa mlezi anaweza kumuusia kisichozidi theluthi ya mali. Haki yake ya urithi ipo kwa baba yake mzazi. Sasa akienda mahakama ya mwanzo kudai fungu lake katika shamba la babake huku vyeti vyake vinamtaja mtu mwingine, atasimamia ushahidi gani? Ami mwenye tamaa hahitaji kusema uongo. Atanyoosha kidole kwenye cheti. Hivyo jina lililoandikwa kwa upole limekuwa mlango wa kumla yatima, na tunajua Suratun Nisaa imesema nini juu ya wanaokula mali za mayatima.

Na kwa upande wa mabinti wetu wanaoolewa, hakuna katika dini yetu agizo la kuacha jina la baba na kuchukua la mume. Bibi Aisha (R.A.) aliolewa na mbora wa viumbe, na hadi leo anaitwa binti wa Abubakar.

JINA BILA TABIA

Iko hatari nyingine ya kuliabudu jina la Kiarabu, nayo ni kudhani kwamba jina linatosha. Watu wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wana kumbukumbu ya zamani juu ya jambo hili. Katika karne ya 19 walifika Karonga wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani, wakiongozwa na Mlozi. Walikuwa na majina ya Waislamu na mavazi ya Waislamu. Mwaka 1887 waliwashambulia Wangonde, wakaua na kuteka. Vita hiyo iliendelea kwa vipindi hadi Mlozi aliponyongwa na Waingereza mwaka 1895. Waingereza hao walikuwa na tamaa yao ya kutawala, lakini hilo halimsafishi aliyewauza wanadamu. Je, mtoto wa Kingonde wa zama hizo, aliposikia jina la Kiislamu, alisikia nini?

Jina zuri ni dua ya mzazi na ni ahadi. Ahadi hiyo hutimizwa na malezi. Abdurrahman asiyeswali na anayedhulumu mizani sokoni ameligeuza jina lake kuwa ushahidi dhidi yake. Na Lusajo anayesimamisha swala tano, akamtunza bibi yake asiyekuwa Muislamu na kumfanyia wema jirani, ameonesha baraka ni nini kwa lugha ambayo kijiji kizima cha Ngonga kinaielewa.

NASAHA KWA WAZAZI

Ndugu zetu Waislamu, kutokana na haya tunausia mambo yafuatayo.

Kwanza, mpeni mtoto jina moja lenye maana njema, na liwe hilo hilo kliniki, madrasa, shuleni na nyumbani. Wengi huingia katika majina mawili kwa sababu hospitali inataka jina mapema, na wao wanasubiri siku ya saba ya akika. Siku ya saba ni sunna njema, lakini Mtume (S.A.W.) alizaliwa mwana usiku na papo hapo akaeleza kwamba amemwita Ibrahim, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Kumpa mtoto jina siku ya kwanza kunafaa. Basi shaurianeni kabla mama hajajifungua, na akika ije ilitangaze jina ambalo tayari lipo kwenye kadi.

Pili, mkipenda kuunganisha, unganisheni kwa utaratibu. Abdallah anaweza kuwa jina lake, likafuata jina la baba, kisha jina la ukoo. Au Lusajo akawa Lusajo, mtoto wa Rashidi, wa ukoo wa Mwa fulani. Yote ni sawa maadamu nafasi ya baba haikupotea.

Tatu, angalieni maandishi. Abdulrahman ni neno moja. Likikatwa kuwa Abdul na Rahman, karani atalichukulia Rahman kuwa jina la baba, na baba halisi atasukumwa nje ya nasaba kwa nafasi moja tupu ya kalamu. Isitoshe, Abdul peke yake ni mja wa, bila kutajwa ni wa nani; na Ar-Rahman ni jina la Allah, halifai kuitwa kiumbe.

Nne, aliyesilimu asilazimishwe kubadili jina. Shahada ndiyo mlango wa Uislamu, na jina lenye maana safi linaingia pamoja na mwenyewe. Akitaka mwenyewe kubadili, afuate njia ya sheria kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha arekebishe karatasi zote. Asibadili msikitini na kuacha la zamani kila mahali pengine.

Tano, mwenye kulea yatima amwandike kwa jina la baba yake, na yeye mlezi ajiandikishe katika nafasi ya mlezi. Thawabu ya kumlea yatima haimpungukii kwa kutotajwa kuwa baba.

Sita, walimu wetu wa madrasa wasimvunjie mtoto jina alilopewa na wazazi wake mbele ya wenzake. Mwalimu akitilia shaka maana yake, amuulize mzazi, na mzazi asipojua amuulize bibi. Huenda ikabainika kwamba kile alichokidhania kuwa jahilia ni sifa ya Mola wake kwa Kinyakyusa.

Imepokewa katika Sunan Abi Daud, ingawa wapo wanazuoni walioona upungufu katika mnyororo wake, kwamba Siku ya Kiama tutaitwa kwa majina yetu na majina ya baba zetu, na kwa hiyo tumeusiwa kuyafanya mazuri. Maana yake inaafikiana na mafundisho sahihi ya dini: jina ni amana ya kwanza ambayo mzazi humkabidhi mwanawe, na mtoto hubaki nayo hata baada ya mzazi kulazwa kaburini.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu wawe wema kwa majina na kwa matendo, awahifadhi mayatima wetu na haki zao, na atujaalie kuishi kwa wema na ndugu na majirani zetu, Waislamu na wasio Waislamu. Amin.

Wallahu aalam.